Sange na Fisi Asiyetaka Kuchagua

Paukwa!

Pakawa!

Njia panda kuna nini?

Kuna vumbi na nyayo.

Nyayo za nani?

Tuambie wewe, sisi tumekuja kusikiliza.

Basi sogeeni karibu, ngano haipigiwi kelele.

Hapo kale, katika nchi iliyokuwa baina ya Kilima Mtengo na Mto Lukundo, aliishi mnyama mdogo aitwaye Sange. Jina lake ni Sange, wala si Panya. Watu huona manyoya na mkia wakasema, "Panya yule," lakini Panya hana pua ile. Wengine humwita Kirukanjia, nao wamekosea vilevile, maana Kirukanjia ni mwingine, ana harufu yake na mambo yake. Sange ana pua ndefu inayoinama na kuinuka kama mkonga wa ndovu uliosahau kukua. Ana macho makubwa, na miguu ya nyuma myembamba iliyoumbwa kwa mbio. Asiyemjua kwa jina lake heri asimseme.

Sange huyu alikuwa mama wa watoto wawili, na kazi yake ilikuwa moja. Kila kulipokucha alifagia njia yake huku akiimba. Wanyama wengine wana pembe, wengine wana kucha, wengine wana sumu. Sange ana njia. Alitoka kwenye tandiko lake la majani chini ya kichaka cha mkole, akaanza: chwe, kwa mkono wa kulia, chwe, kwa mkono wa kushoto. Jani moja kando. Kijiti kimoja kando. Chwe, chwe, chwe, mpaka njia ikawa nyeupe kama uzi. Jani moja likisahauliwa, siku ya adui mguu utakwaa, na mguu ukikwaa hakuna Sange tena.

Kila mahali njia ilipopinda, alipachagua mwenyewe. Mara moja alichagua vibaya. Aliipitisha njia kando ya siafu, nao wakamwuma mpaka pua ikavimba kama bamia. Jirani yake, Ngiri, alimwona akacheka mpaka akakaa chini.

"Jirani wee! Nani alikwambia upitie hapo?"

"Hakuna aliyeniambia, kaka Ngiri. Nilikosea mwenyewe."

Akairudishia majani njia ile, akafagia nyingine. Chwe, chwe, chwe.

Ngiri aliacha kucheka. Alibaki akimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya ugenini. Katika nchi ile maneno "nilikosea mwenyewe" yalikuwa hayajasikika siku nyingi. Na aliyeyafukuza alikuwa Fisi.

Ni vizuri ijulikane ni Fisi yupi. Alikuwa Fisi Madoa, yule mwenye kicheko. Fisi Miraba ni mpole, tena siku hiyo hakuwapo.

Mnaijua methali isemayo kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Yule aliyeshindwa alikuwa babu yake Fisi Madoa. Alisikia harufu ya nyama huku, akasikia harufu ya nyama kule, akapeleka miguu ya mbele huku na miguu ya nyuma kule, akapasuka: pwaa! Wakamzika katika makaburi mawili, moja katika kila njia. Matanga yakawa mawili, na waombolezaji wakala mara mbili. Siku ya kuanua tanga la pili, mjane wake aliwaita wajukuu wote.

"Wajukuu zangu," akasema, "kilichomwua babu yenu ni kuchagua. Msichague kamwe. Waacheni wengine wawachagulie."

Wajukuu wengine walisinzia. Fisi Madoa alilishika neno lile kama ashikavyo mfupa.

Akakua. Akawa na shingo nene na meno ya kuvunja paja la ng'ombe: kwaka! Kila alipofika njia panda alimshika mnyama wa kwanza aliyemwona, akamwambia, "Nichagulie." Mnyama akichagua, Fisi akaenda akala, alirudi akijipapasa tumbo na kusema, "Miguu ni yangu, meno ni yangu, shibe ni yangu." Lakini akienda akakosa, alirudi akiwa ameachama kinywa na kusema, "Aliyechagua ndiye atakayebeba." Kisha: ngwap!

Kwale alimchagulia mashariki. Mashariki hakukuwa na kitu. Ngwap!

Panya Buku alimchagulia magharibi. Magharibi kulikuwa na miiba. Ngwap!

Na kila alipokwisha kumeza, Fisi alijifuta mdomo akalala usingizi mtamu, kwa kuwa yeye hakuwa amechagua lolote.

Ugonjwa ule ukaenea. Wanyama waliogopa kuchagua hata mahali pa kunywa maji. Ukimwuliza Ngiri, "Leo tunywe wapi?" atakwambia, "Mwulize Kanga." Ukimwuliza Kanga atakwambia, "Mwulize Ngiri." Siku nyingine kiu iliwakuta wote wamekaa chini, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Siku moja asubuhi Fisi alimshika Digidigi mume kwenye njia panda.

"Nichagulie, shemeji. Bondeni au mbugani?"

Digidigi alitazama bondeni, akatazama mbugani. Sange alikuwa karibu, chini ya jani la mkole, hatua tatu tu. Alikuwa amepita bondeni alfajiri ile, akawaona watu wenye mikuki wamejificha. Neno moja lingetosha. Pua yake iliinuka, kinywa kikafunguka, kisha akawafikiria wanawe, akakifunga.

"Bon... bondeni," alisema Digidigi.

Fisi akaenda. Akarudi akichechemea, damu ubavuni. Aliyechagua ndiye atakayebeba. Ngwap!

Jioni ile mjane, Mama Digidigi, alizunguka akiuliza, "Nani alimwona mume wangu?" Ngiri alisema hakuona. Kanga walisema hawakuona, nao walikuwa ishirini na wote wana macho. Alipofika kwenye kichaka cha mkole, Sange alitoka nje.

"Dada, nilimwona. Fisi alimwuliza achague bondeni au mbugani. Mimi nilijua ya bondeni, nikanyamaza."

Mama Digidigi alisogea karibu.

"Mbona waniambia?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenifunga kinywa. Nilikifunga mwenyewe."

"Basi ubebe," alisema Mama Digidigi, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Tangu siku ile Sange alifagia njia yake bila wimbo. Chwe. Chwe. Neno lile lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Siku zikapita. Mchana mmoja upepo ulivuma kutoka pande mbili. Kutoka Kilima Mtengo ulileta harufu ya mbuzi. Kutoka Mto Lukundo ulileta harufu ya mzoga. Fisi akasimama njia panda, pua moja, harufu mbili, mate yakidondoka: to, to, to. Magoti yake ya nyuma yakaanza kuvutana. Akamkumbuka babu yake, akaingiwa na hofu, akakimbilia shimo la Ngiri.

"Wee Ngiri! Nichagulie!"

Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, meno yakabaki mlangoni. Ndivyo alivyokuwa siku hiyo.

"Mimi? Mimi nijue nini, Bwana Mkubwa? Kazi yangu ni kuchimba mizizi. Mwulize Sange. Yeye ndiye fundi wa njia. Kila kona ya nchi hii ameifagia kwa mikono yake."

"Sange? Yule panya?"

"Sange, bwana. Panya ni mwingine."

Fisi akaenda kwenye kichaka cha mkole, gudu-gudu, gudu-gudu, ardhi ikatikisika. Sange alimsikia tangu mbali. Njia yake ilikuwa safi. Hapakuwa na jani, hapakuwa na kijiti. Angeweza kuchomoka kama mshale, na watoto wamefichwa vizuri. Mguu mmoja ulikwisha kuinuka.

Lakini nyuma ya kichaka Mama Digidigi alikuwa akichuma majani na hana habari. Sange akitoweka, huyo ndiye Fisi atakayemkuta. Naye atasema "huku" au "kule," na mwisho utakuwa uleule.

Sange aliushusha mguu chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu, marahaba. Nasikia wewe ni fundi wa njia. Nichagulie. Kilimani au mtoni?"

"Nikikataa, mjomba?"

"Kukataa nako ni kuchagua. Nitakumeza."

"Nikichagua ukakosa?"

"Nitakumeza."

"Nikichagua ukapata?"

"Nitakushukuru," alisema Fisi, "na kesho nitakuja tena."

Sange aliinamisha pua, akaiinua. Aliona jambo ambalo Kwale hakuliona, wala Panya Buku, wala Digidigi: katika mchezo ule hapakuwa na jibu zuri. Basi asingejibu. Angeuliza.

"Mjomba, hili ni jambo kubwa. Mambo makubwa hayafanyiki vichakani kama wizi. Tuite mashahidi, kesho mtu asije akasema hukufuata sheria."

Fisi alipenda kuitwa mtu wa sheria. Akainua kichwa. "Waite."

Wakaitwa Kanga. Nao walikuwa Kanga, si Kororo. Kororo ana kishungi kichwani na hapendi kuchanganywa na wengine. Wakaja ishirini, wakapanda matawini, mbali na meno. Kanga ni mwoga, lakini ana jambo moja: alilolisikia hawezi kulimeza.

"Mjomba, itaje sheria wasikie."

"Aliyechagua ndiye atakayebeba!" alinguruma Fisi.

"Ke-ke-ke-ke! Aliyechagua ndiye atakayebeba!" waliitikia Kanga.

"Awe nani?" aliuliza Sange. "Awe mdogo?"

"Awe mdogo, awe mkubwa!"

"Ke-ke-ke-ke! Awe mdogo, awe mkubwa!"

Mama Digidigi alisikia makelele, akachungulia. Alipomwona Fisi, aligeuka akimbie. Alipomwona Sange amesimama mbele ya Fisi kama punje mbele ya kinu, alisahau kukimbia.

"Sasa mjomba," alisema Sange, "kwanza nitakwambia yote niyajuayo, nisibakize hata moja. Kilimani wapo mbuzi wanne, na mbwa saba wanaowalinda. Mtoni yupo nyumbu mmoja, amekufa juzi, amekwama katika tope. Na Mamba yupo hatua kumi kutoka kwa nyumbu. Mmesikia, Kanga?"

"Ke-ke-ke-ke! Mbuzi wanne, mbwa saba! Nyumbu mmoja, tope, na Mamba!"

Fisi alisikia mbuzi, akasikia nyumbu. Hayo mengine yalipita sikio hili yakatokea sikio lile.

"Vizuri, vizuri. Chagua!"

"Subiri, mjomba. Fundi hashoni kanzu kabla hajampima mwenyewe. Nami nikupime kidogo. Wewe wapenda nyama mbichi ya leo, au nyama iliyolala?"

Fisi alikaa chini. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwuliza apendacho. Macho yakalegea.

"Iliyolala, mpwa wangu. Ile ya siku mbili, imekuwa laini, ina utamu wa ndani ndani."

"Wapenda kupanda au kushuka?"

"Kushuka! Kupanda kunaniuma kiuno."

"Wapenda meno ya mbwa?"

"Mbwa? Shetani awachukue mbwa! Wana kelele, halafu huja wote kwa pamoja, hawana ustaarabu."

"Tope je?"

"Tope ni nini? Nikitoka naoga."

"Haya, mjomba. Mnyama apendaye nyama iliyolala, apendaye kushuka, asiyetaka mbwa, asiyejali tope, huyo njia yake ni ipi?"

Fisi akaruka juu kama aliyechomwa. "Mtoni! Ni mtoni! Mbona ni wazi? Mtoni!"

Na kabla vumbi halijatua alikwisha kushika njia ya Lukundo, gudu-gudu, gudu-gudu, mkia juu.

Kanga walitazamana. Kisha wote wakapasuka kwa pamoja:

"Kachagua! Kachagua! Ke-ke-ke-ke! Fisi kachagua!"

Mama Digidigi akaja mbio. "Sange! Kimbia! Atarudi!"

"Atarudi, ndiyo."

"Na njia yako ni safi! Wangoja nini?"

"Nikikimbia, dada, atakaporudi atamkuta mwingine."

Akainama, akaanza kufagia. Chwe, chwe, chwe. Mikono ilitetemeka, na majani mawili yalimponyoka, akayarudia. Mtu shujaa si yule asiyetetemeka. Ni yule anayerudia jani.

Huko mtoni Fisi alimwona nyumbu, akamrukia. Pwichi! Miguu ya mbele ikazama. Pwichi! Miguu ya nyuma ikazama. Hajatafuna hata mara moja, tope likafumbua macho mawili. Mamba! Taya zikafunguka, zikafunga: tap! Zikapata sikio moja lote. Fisi alipiga kelele iliyowaamsha popo mapangoni, akavutana na tope, akajikokota mpaka nchi kavu, hana nyama, hana sikio, ana hasira peke yake.

Akarudi njia panda. Tope lilikuwa limemkauka mwilini, akawa kama sanamu linalotembea.

"Aliyechagua ndiye atakayebeba!" alilia. "Yuko wapi Sange?"

"Nipo hapa, mjomba."

Fisi akaachama kinywa. Sange aliona meno yote, akaona na njia ya giza iliyokuwa nyuma ya meno. Hakusogea.

"Kabla hujameza, tuwaulize mashahidi. Nani alisema mtoni?"

"Ke-ke-ke-ke! Fisi! Fisi alisema mtoni!"

"Waongo! Huyu ndiye aliyenichagulia!"

"Mimi nilitaja njia gani, mjomba?"

Fisi akafikiri. Akakuna sikio lisilokuwapo. Akafikiri tena.

"Hukutaja... lakini ulinificha Mamba!"

"Nyumbu mmoja, tope, na Mamba!" waliitikia Kanga. "Hatua kumi! Ke-ke-ke-ke!"

"Basi ni Ngiri! Ngiri ndiye aliyenileta kwako!"

Kutoka shimoni sauti ndogo ilisema, "Mimi sipo."

"Nani alichagua kumsikiliza Ngiri?" aliuliza Sange.

"Fisi!"

"Basi ni bibi yangu! Bibi alituambia tusichague kamwe, babu alikufa kwa kuchagua!"

Hapo Sange alipunguza sauti, akasema kama mtu asemaye na mgonjwa.

"Mjomba, babu yako hakufa kwa kuchagua. Alikufa kwa sababu hakuchagua. Angeshika njia moja, hata iliyo mbaya, angezikwa katika kaburi moja."

Fisi akakaa chini kwa kishindo. Tope likaanza kumdondoka vipande vipande. Ilionekana jambo fulani limegonga mlango wa kichwa chake na linangoja kufunguliwa.

"Sasa nifanyeje?" alisema. "Sheria ni sheria. Mashahidi wamesikia. Aliyechagua lazima aliwe, na aliyechagua ni... ni..."

"Iko njia nyingine, mjomba, tena fupi. Sema tu, 'Nilikosea mwenyewe,' kisha uende nyumbani ukaoge. Haina meno. Mimi nimeisema mara mbili, na bado niko hai."

Fisi akajaribu. Akavuta pumzi. "Ni... nili..." Shingo ikamvimba. "Niliko... niliko..." Macho yakamtoka. Neno lilipanda mpaka kooni likakwama huko kama mfupa uliokaa upande. Akakohoa, akatema mate, akajaribu tena. "Niliko... Aa! Haliwezekani!"

"Jaribu polepole."

"Haliwezekani, nakwambia! Heri sheria!"

Akageuka kumtafuta aliyechagua. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama nyuma. Na huko nyuma akaliona paja nono, lenye madoa, lililokaa vizuri mahali pake. Njaa ilikuwa kali. Sheria ilikuwa wazi.

Ngwap!

"Uuuuu-wip! Uuuuu-wip!"

Aliruka juu, akaanguka, akainuka, akatimua mbio kuelekea nchi ya mbali, nusu yake ya nyuma imeshuka, huku analia na kucheka kwa sauti moja. Ndiyo maana hata leo Fisi Madoa ni mrefu mbele na mfupi nyuma, na akipaza sauti hujui kama amefurahi au amefiwa. Kuna wasemao kwamba bado anajaribu kulisema lile neno, na hiyo ndiyo sauti tunayoisikia.

Wanyama wakatoka mafichoni. Kanga wakashuka. Ngiri akatoka shimoni, vumbi puani, akawa wa kwanza kupiga vigelegele.

"Nilisema mimi! Nilisema mwulizeni Sange! Sasa ndugu zangu, tumempata. Tangu leo Sange atatuchagulia sote. Atuambie wapi tule, wapi tunywe, nani amwoe nani. Akikosea..." Ngiri akatazama huku na huku. "Akikosea tutajua ni yeye."

"Ndiyo! Ndiyo!" walisema wote, kwa furaha ya watu waliotua mizigo. Wakamtandikia majani makavu mahali palipoinuka, akae kama mkubwa.

Sange aliyatazama majani yale, kisha akamtazama Ngiri.

"Kaka Ngiri, nashukuru. Fisi mmoja ametuondokea hivi sasa. Nanyi nyote mwataka kuwa fisi?"

Ngiri akajifanya ana mwiba mguuni.

"Mtu akiniuliza nilichokiona," aliendelea Sange, "nitamwambia chote, hata kama ninaogopa. Hilo nimeiahidi nafsi yangu. Lakini pa kupita atapachagua mwenyewe. Mimi njia moja tu yanitosha kwa kufagia."

Wanyama wakanung'unika. Walitawanyika mmoja mmoja, wengine wamekasirika kabisa, kwa kuwa hakuna linalomchukiza mtu kama kurudishiwa mzigo wake. Lakini walipofika njia panda ilibidi wapite mahali fulani. Kanga wakaenda mashariki. Ngiri alisimama, akaketi, akasimama, mwisho akaenda magharibi, akijisemea, "Ni mimi nimeamua, ni mimi nimeamua," kama mtoto anayejifunza kuhesabu.

Akabaki Mama Digidigi.

"Sange," alisema, "kilimani kukoje sasa?"

"Majani yapo, dada. Mbwa hushuka saa ya adhuhuri. Kwenye kona ya pili kuna mtego wa kamba, upande wa kushoto. Ndiyo yote niyajuayo."

Mama Digidigi alilitafakari neno moja moja. "Basi nitapanda kilimani, kisha nitashuka kabla ya adhuhuri. Nimechagua."

Alipiga hatua mbili, akasimama. Safari hii aligeuka.

"Ule mzigo niliokwambia ubebe, usiutue. Mume wangu harudi."

"Sitautua, dada."

"Lakini waweza kuubeba karibu nami. Kesho asubuhi nitakuja kulisha hapa upande wa mkole."

Akaenda zake. Sange alisimama akimtazama mpaka manyoya ya kijivu yakapotea katika majani, pua yake ndefu ikipanda na kushuka. Kisha akawaendea wanawe, akawatoa mafichoni, akawalaza kwenye tandiko.

Ngano haiachwi bila funzo, na funzo la ngano hii ni wazi kabisa. Kuchagua ni hatari kubwa, na kukiri kosa ni hatari zaidi. Mtoto mwenye adabu asichague kitu chochote maishani. Akifika njia panda, aketi chini, alie kidogo, kisha amtafute aliye mdogo kuliko yeye na kumtwika uamuzi. Ila kwanza amtazame pua. Ikiwa ni ndefu na inapanda na kushuka, amwamkie kwa heshima na apite haraka.

Ngano yangu imefika ilipokuwa ikienda. Ikiwa ni njema, niliichagua mimi mwenyewe. Na ikiwa ni mbaya, alaumiwe yule aliyeniomba niisimulie. Jina lake ninalo.